Wageni hawalali: nianze na godoro au na nini?

Swali: Assalam alaikum. Nina nyumba ya mawe ya urithi hapa Mkomani, Lamu, tumeigeuza nyumba ya wageni. Vyumba ni sita: vitatu chini, viwili ghorofa ya kwanza, na kimoja juu kabisa chini ya paa la zege. Wageni wanaisifu nyumba, wanakisifu chakula, lakini wakishuka asubuhi wananiambia hawakulala. Nimeweka kando shilingi 180,000. Muuza magodoro anataka nibadilishe yote niweke ya inchi 10, mwanangu anataka viyoyozi. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Wiki hii usinunue godoro wala kiyoyozi. Kuna jambo moja la kulipima kwanza, nalo ni hewa inayofika kwenye ngozi ya mgeni akiwa amelala ndani ya chandarua. Katika mji wenu hilo ndilo linaloamua usingizi kuliko mengine yote. Kila unachokiweka chumbani, iwe neti, godoro, shuka au pazia, kipime kwa swali hilo hilo: kinapitisha hewa au kinaiziba?

Sababu iko mwilini. Mtu akikaribia kulala, joto la ndani ya mwili hushuka kwa karibu nyuzi moja, na njia yake ya kutokea ni ngozi, hasa ya mikono na miguu. Joto lisipopata pa kutokea, usingizi hauji, au huja mwepesi ukakatika. Kwa kawaida jasho likikauka huondoka na joto hilo. Lakini kaskazi inapoelekea mwisho, Februari hadi Aprili, usiku wa Lamu haupoi sana chini ya nyuzi 25, na hewa ya bahari imejaa unyevu. Jasho halikauki, linabaki mgongoni. Mgeni hafikirii hayo. Anachojua ni kwamba amejigeuza usiku kucha, na kilichokuwa chini yake ni godoro, basi lawama zote zinaliendea godoro.

Nunua vipimajoto viwili vidogo vya kidijitali vinavyoonyesha pia unyevu. Kimoja kiweke ndani ya chandarua, karibu na mto, kisiguse ukuta. Cha pili kitundike kiwandani, pale katikati ya nyumba palipo wazi. Soma vyote viwili saa tatu usiku, saa sita, na saa kumi na moja alfajiri, chumba kimoja baada ya kingine, na uandike kwenye daftari. Ikiwa saa sita ya usiku ndani kumezidi nje kwa nyuzi 3 au zaidi, chumba kimehifadhi joto la mchana, na tiba yake iko kwenye kuta, paa na madirisha. Vipimo vikikaribiana lakini unyevu umepita asilimia 80, kinachomkosesha mgeni usingizi ni hewa iliyosimama, na tiba yake ni feni. Halafu kata ukanda wa karatasi ya chooni wa sentimita 30, utundike kwa uzi ndani ya chandarua, usawa wa kifua cha mtu aliyelala, kisha washa feni kama inavyowashwa kila siku. Ukanda usipocheza, upepo wa feni hiyo haumfikii mgeni hata kidogo.

Na wageni waulizwe vizuri. "Umelalaje?" huleta jibu la adabu. Uliza: "Ulizinduka saa ngapi, na ulipozinduka ulisikia nini au ulihisi nini?" Aliyezinduka saa saba ya usiku shuka limelowa ameamshwa na joto. Wa saa kumi na moja ameamshwa na sauti au mwanga. Anayejikuna ana mbu au kunguni. Anayeamka mgongo unauma, kisha maumivu yakaisha baada ya saa moja ya kutembea, huyo ndiye mwenye kesi na godoro.

Kuna mambo manne ya kufanya leo bila kutoa senti. Vua nailoni ya dukani iliyobaki kwenye magodoro. Wengi huiacha ili godoro lisichafuke, na chini ya shuka inakuwa kama koti la mvua. Sogeza kila kitanda sentimita 30 kutoka ukutani, maana ukuta wa mawe ya matumbawe ulionyonya jua mchana unatoa joto usiku, na upande wa kitanda unaougusa ndio unaoota ukungu. Ondoa mablanketi na mifarishi mizito, weka kikoi au leso ya pamba miguuni mwa kitanda. Anayehisi baridi saa kumi ya usiku atajifunika. La nne ni ratiba ya madirisha. Katika miezi ya joto yafungwe saa tatu asubuhi, kabla hewa ya nje haijapita ya ndani kwa joto, na yafunguliwe jua likishazama, yakae wazi usiku kucha. Watumishi wengi hufanya kinyume: hufungua mchana kutwa ili chumba "kipate hewa", kisha hufunga magharibi kwa kuogopa mbu, na joto lote linafungiwa ndani pamoja na mgeni. Dawa ya mbu ni wavu dirishani, dirisha lenyewe libaki wazi.

Vyumba vyenu vya chini, hasa kile cha ndani kabisa nyuma ya misana (zile kumbi ndefu nyembamba), mara nyingi havina dirisha la nje. Hewa yake yote hutoka kiwandani kupitia mlango. Upepo hauingii mahali usipopata pa kutokea. Kama juu ya mlango au karibu na dari kuna tundu la zamani lililozibwa kwa simenti, huenda kulizibua kukafaa kuliko kununua mashine. Ila usitoboe ukuta kwa ushauri wa fundi peke yake. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko ya nyumba za mawe yanahitaji idhini. Anzia ofisi ya Makavazi ya Kitaifa hapo mjini. Ukiwa na fundi, mwambie pia asipige plasta ya simenti wala rangi ya mafuta juu ya kuta za chokaa. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka, simenti huufungia, na chumba chenye ukuta wenye maji ndani kinanuka na kina fukuto mwaka mzima.

Chumba cha juu ni jambo jingine kabisa. Zege hupigwa na jua mchana kutwa, na saa tano ya usiku ukiweka kiganja darini utalihisi bado lina joto. Feni hapo inateremsha joto la dari likamfikie mgeni. Paa hilo lipakwe chokaa nyeupe kabla ya kaskazi, yaani Novemba. Ziba nyufa kwanza. Chukua chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa, kilo 1 kwa lita 2 za maji, koroga, iache ilale usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa. Kabla ya kupaka, lowesha zege. Paka koti tatu nyembamba, nyepesi kama maziwa, siku moja kati ya koti na koti, na upake jioni jua likiwa limepoa. Inayoharibika huharibika kwa njia mbili. Koti likiwa zito hupasuka na kubanduka. Na likikaushwa na jua kali kabla ya kushika, hubaki unga unaofutika kwa mkono. Fundi avae miwani, chokaa huunguza macho. Kama mnavuna maji ya mvua kutoka paa hilo, mvua za kwanza zielekezwe nje ya tangi. Na koti lirudiwe kila mwaka, kwa kuwa masika hulila.

Fedha zikiruhusu baadaye, kivuli cha makuti juu ya zege, kilichoinuliwa kwa nguzo ili upepo upite katikati, kitafanya kazi kuliko chokaa. Makuti na moto havikai pamoja, kwa hiyo kusiwe na jiko wala seredani chini yake.

Sasa feni, ambako mimi ningeweka nusu ya fedha zako. Upepo wa kasi ya kama mita 0.8 kwa sekunde juu ya ngozi humfanya mtu ahisi nafuu ya karibu nyuzi 3, ilhali hewa yenyewe haijapoa. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mara nyingi havifiki mita 3. Kwa hiyo feni ya dari ya inchi 56 iliyozoeleka madukani ni kubwa mno: mapanga yanakaribia kuta, upepo unagonga na kurudi, feni inavuma bila faida. Chukua inchi 48. Mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni na sentimita 30 chini ya dari, maana yakibanana na dari hayapati hewa ya kusukuma. Ndoano isishikwe na plasta. Izungushwe kwenye boriti nzima, au kwenye kipande cha mbao ngumu kilicholala juu ya boriti mbili, baada ya kugonga boriti kwa nyundo ndogo na kusikiliza: iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi. Iongezewe na waya wa chuma wa usalama.

Kama feni zilizopo zinazunguka kizembe, usizitupe. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kile kidude kidogo ndani ya kikombe cha juu. Fundi wa umeme asome namba yake (nyingi ni mikrofaradi 2.5) na aweke nyingine ya namba hiyo hiyo, kubwa kuliko hiyo huipasha mota moto. Feni inayogonga tak-tak hukaziwa skrubu za mapanga kwanza, kisha hupimwa kama mapanga yote yana umbali sawa kutoka dari. Moja likishuka kwa hata nusu sentimita feni itayumba, na mlio unaojirudia ni adui wa usingizi kuliko uvumi mkubwa uliotulia.

Lakini feni yoyote ya dari inapigana na chandarua, na hapa ndipo nyumba nyingi za wageni hupotea. Neti inaweza kula zaidi ya nusu ya upepo. Zile za mviringo zinazoning'inia kwa pete moja ni nzuri kwenye picha, ila kitambaa hukusanyika juu ya kichwa, kikawa tabaka tano, na pembeni huwa finyu mpaka kiwiko cha mgeni kinagusa na mbu anauma kupitia tundu. Za pamba nazo zina nyuzi zenye manyoya, zinaziba. Tumia neti ya mstatili ya poliesta yenye matundu 156 kwa inchi ya mraba, pana kuliko kitanda kwa sentimita 20 kila upande, ikishikwa na fremu ya mbao au na nguzo nne za kitanda. Ukiwa na vitanda vya samadari vya zamani vyenye nguzo, una bahati kubwa. Hiyo fremu wengine wanailipia.

Kisha weka feni ndogo ndani ya chandarua. Feni ya kubana ya inchi 8 hadi 12, yenye kizuizi kizima cha waya, ifungwe kwenye nguzo ya miguuni, ikielekezwa kifuani. Waya ushuke na nguzo, utokee chini ya ukingo wa neti, ufungwe mahali pawili ili usivutike. Kati ya feni na kitambaa kuwe na sentimita 40, kwa kuwa neti ikivutwa kwenye mapanga huchanika na mota huungua. Ukichukua inayochajiwa, mgeni hatalala kwenye fukuto umeme ukikatika. Rudia kipimo cha ukanda wa karatasi. Utaona tofauti usiku huo huo.

Kama neti zako ni zile zilizotiwa dawa ya kudumu, jua kwamba hupimwa kwa kuoshwa mara 20 katika miaka 3, yaani mara moja kwa karibu miezi miwili. Zifuliwe kwa sabuni laini, maji baridi, na zianikwe kivulini, kwa sababu jua huiua dawa. Nyumba inayofua neti kila wiki kwa jiki inabaki na kitambaa kitupu kabla mwaka haujaisha.

Kwa mwanao, hesabu ni hii. Feni ya dari ya kawaida ni wati 75. Saa 9 za usiku ni kama uniti 0.7. Zenye mota isiyo na brashi hula chini ya nusu ya hiyo. Kiyoyozi cha BTU 9,000 huvuta karibu wati 800 kompresa inapofanya kazi, na katika chumba kisichozibika, chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili na nyufa kati ya boriti, kompresa haipumziki: uniti 7 kwa usiku, chumba kimoja. Zidisha kwa bei ya tokeni zako. Hewa yenye unyevu ikiingia kupitia nyufa hizo inakutana na ukuta uliopoa, maji yanatoka jasho ukutani, na baada ya miezi michache kuna madoa meusi ya kuvu. Chuma cha mashine ya nje huliwa na chumvi ya bahari. Chumba pekee cha kufikiria kiyoyozi ni kile cha juu, na hata hicho kipakwe chokaa kwanza, ndipo upime tena.

Tukifika kwenye godoro, mpime muuzaji kwa mizani. Unene si ubora. Sponji hufa kwa uchache wa kilo zake, na nyumba ya wageni inahitaji angalau kilo 28 kwa mita moja ya ujazo. Godoro la futi 6 kwa 6 la inchi 8 lina ujazo wa karibu mita 0.68, basi liwe na kilo 19 au zaidi bila nailoni. La futi 6 kwa 4 la inchi 8 liwe na kilo 12.7 kwenda juu. Ukilipima hilo la inchi 10 unalouziwa ukakuta kilo 15 kwa futi 6 kwa 6, hiyo ni sponji ya kama kilo 18 kwa mita moja ya ujazo; itabonyea katikati kabla la inchi 8 lililoshiba halijaonyesha alama. Godoro laini na nene lina ubaya mwingine huko kwenu: mwili unazama, ngozi zaidi inafunikwa, na hewa haifiki. La springi hupitisha hewa vizuri, lakini chumvi huzipata springi.

Ya zamani usiyahukumu kwa umri. Weka ubao mnyoofu juu ya godoro tupu kutoka ukingo hadi ukingo, upime shimo la katikati kwa rula. Likizidi sentimita 4, godoro limekwisha. Likiwa chini ya hapo, tazama chaga kabla ya kulaumu sponji: nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7, na kitanda cha watu wawili kiwe na mhimili wa kati wenye mguu unaofika sakafuni. Seremala wako atakuwa na kazi hapo, na ni kazi ya bei nafuu. Vitanda vya kamba vikazwe kila mwezi au miwili, kwa sababu kamba ya makumbi hulegea kwa uzito na unyevu. Chini ya kitanda pabaki patupu. Masanduku yakirundikwa hapo, sehemu ya chini ya godoro haikauki.

Sufi isidharauliwe. Kigodoro cha sufi cha inchi 2 au 3 juu ya sponji ngumu kinaruhusu hewa kupita chini ya mgongo kuliko sponji peke yake. Matunzo yake ni jua la saa tatu nne kila wiki mbili, kipigwe kwa fimbo ili nyuzi zifunguke, na mara moja kwa mwaka kifumuliwe kichambuliwe upya, la sivyo hushikana mabonge. Mito ya sufi vivyo hivyo. Mashuka yawe pamba tupu, mepesi. Poliesta iliyochanganywa hukauka upesi kwenye kamba, na ndiyo maana nyumba nyingi huipenda, lakini kwa mgeni inashika jasho.

Mbu wapunguzwe pale wanapozaliwa. Mabirika ya vyoo vya kale vya Lamu yalifugiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini ya birika palitiwa bakuli za kaure ili maji yakipungua samaki wasikose mahali pa kukaa. Mabirika yako kama bado yana maji, rudisha samaki. Kama umeyaacha yakusanye maji ya kumwagika tu, yakaushe. Yai la mbu huwa mbu arukaye kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi, kwa hiyo ndoo, mitungi na visahani vya maua vimwagwe na kusuguliwa kila wiki. Visuguliwe kweli: mbu wa dengi hubandika mayai ukutani mwa chombo, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Shimo la choo lifunikwe kwa mfuniko uliozibwa kwa udongo wa simenti, na bomba lake la hewa livishwe wavu wa faibaglasi, wa chuma utaoza. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalimwagiwa tabaka la chembe ndogo za povu la plastiki zinazoelea, na mbu wa mashimo hayo walipungua sana. Kwenu singelishauri kwenye shimo linalofurika wakati wa mvua, kwani chembe hizo zitaishia baharini.

Kuhusu kelele, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba chumbani usiku sauti ya kudumu isizidi desibeli 30, na ya ghafla isizidi 45. Mji wenye punda na maboti hautafika hapo kila usiku. Lakini keti ukumbini saa kumi na moja alfajiri usikilize. Kelele nyingi hutoka ndani ya nyumba yenyewe: pampu ya maji inayowashwa na mlinzi, bawaba kavu, sufuria, simu ya mtumishi. Pampu iwashwe saa nne asubuhi na iwekewe mpira mnene chini. Bawaba zitiwe mafuta. Punda wasifungwe chini ya dirisha la mgeni.

Adhana haihesabiwi kuwa kelele ya kuondoa, na hupaswi kuiombea radhi. Mgeni anayegutuka kitandani ni yule ambaye hakuambiwa. Mwambie anapofika ni saa ngapi wiki hiyo, na kwamba itakwisha kwa dakika chache. Wengi wakijua hulala tena. Wenye usingizi mwepesi wape vyumba vinavyotazama kiwandani. Wakati wa Maulidi, msikiti wa Riyadha na mitaa ya karibu hukesha, na mwezi wa Ramadhani kuna daku. Yaandike kabla mtu hajalipia chumba. Vizibo vya masikio vya povu viwekwe kwenye kidaka pamoja na maelezo, kwa sababu wengi huviweka vibaya: kisokotwe kiwe chembamba, sikio livutwe juu na nyuma kwa mkono mwingine, kiingizwe, kishikiliwe nusu dakika mpaka kivimbe.

Balbu nyeupe za darini zibadilishwe ziwe za manjano, zilizoandikwa 2700K, na kando ya kitanda pawe na taa ndogo. Na kahawa. Ukarimu wa kahawa chungu na tende juu ya paa baada ya isha ni mzuri, lakini nusu ya kafeini ya kikombe cha saa tatu usiku bado iko mwilini kwenye saa nane. Ipelekwe alasiri. Usiku mimina tangawizi na mchaichai bila majani ya chai.

Kunguni wakipatikana hata chumba kimoja, mengine yote yasimame. Tazama mishono ya godoro, mafundo ya kamba na viungo vya kitanda kwa tochi: madoa meusi kama nukta za wino, maganda, mayai meupe. Mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Kitanda kifunguliwe vipande, maji yanayochemka yapitishwe kwenye kila kiungo na kila fundo, au mvuke. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Dawa za kupuliza za madukani mara nyingi huwatawanya tu hadi chumba cha pili, maana kunguni wa mahali pengi wamezizoea. Usihamishe godoro la chumba hicho kwenda kingine.

Ukija kutangaza nyumba yako kuwa nyumba ya kulala vizuri, tangaza feni, kivuli na utulivu. Usiuze mafuta wala vidonge vya usingizi. Mtu anayekosa usingizi usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu ana tatizo linalotibiwa na mtaalamu, na tiba inayotangulia dawa ni ya kurekebisha mazoea na fikra za kulala. Anayekoroma akakatika pumzi aende hospitali.

Fedha zako basi: nusu iende kwenye feni, fremu na neti, chokaa ya paa na nyavu za madirisha zifuate, kisha seremala na chaga. Kinachobaki kinunue magodoro ya vile vyumba ambavyo rula imevikataa, hata yakiwa mawili tu. Tengeneza chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza kikamilifu, cha jirani yake ukiache kilivyo kwa wiki mbili, na linganisha daftari. Chumba cha juu kikibaki juu ya nyuzi 30 saa sita ya usiku hata baada ya koti tatu za chokaa, tuandikie urefu wa dari, upande wa madirisha na unene wa zege, tuone kama kivuli cha makuti kinaweza kubebwa na paa hilo.